Fundi wa Kufuta Nyuso

Katika nchi hii, ambako kila mji ni dola na miji hutawaliana kwa zamu, mji ukishindwa vita nyuso za mashujaa wake hufutwa langoni, tena na fundi yuleyule aliyezichonga. Fundi wetu hulilowesha jiwe kwanza, kama kinyozi, kisha huanza na macho. "Sipendi kutazamwa nikiwa kazini," husema, na hacheki. Leo amebakiza uso mmoja, wa mwanawe aliyekufa akililinda lango hili. Mjane wa kijana amesimama chini ya ngazi.

"Baba, huyu mwache."

"Nikimwacha, mwanangu, watakuja kukufunga wewe."

Askari wa mji ulioshinda anapiga miayo. "Harakisha, mzee. Unamfuta au unamnyoa?"

Fundi analowesha jiwe, analipangusa kwa kiganja, halafu anaanza na kidevu, anapanda mdomoni, puani, kwenye paji. Macho yanabaki peke yake ukutani, yakimtazama. Patasi imeshuka, haipandi tena, mpaka mkwewe anaposema kwa sauti ya chini, "Basi, baba. Maliza."