Faili Moja, Madirisha Mawili

Siku ya kwanza nilipofika Songea kuandika programu za hospitali, nilikuwa na miaka arobaini na tatu na mvi zimeshaanza. Kule Namtumbo nilikotoka nilikuwa mtunza mafaili. Programu nilijifunza ukubwani. Mkuu wa TEHAMA, kijana kwangu, aliniamkia shikamoo kisha akanipa amri moja: nisijitengenezee kifaa ndani ya programu. Kifaa cha kusoma kanzidata, cha kuchapa, vyote viwekwe kwenye kontena, yaani stoo ya programu. Kila sehemu inataja inachohitaji, stoo inaikabidhi.

"Vitu vyetu ni vya pamoja, mama," alisema.

Nililishika neno hilo kama nilivyolijua nyumbani: sufuria moja, wote tunapakua. Sikuuliza, maana mtu mzima kuuliza nilikuona aibu. Kumbe stoo hukabidhi kwa namna mbili: kifaa kimoja kwa wote, au kipya kwa kila anayeomba. Mimi nikasajili kila kitu stooni kiwe kimoja kwa wote, hata faili la mgonjwa anayehudumiwa.

Tulijaribu kwa dirisha moja la dawa, mambo yakaenda vizuri. Siku ya kliniki yakafunguliwa mawili. Kabla ya saa nne akanipigia simu muuguzi wa dirisha la kwanza, Mwanaidi, mama wa Tunduru asiyejua haraka.

"Mwenzangu, nina mjamzito hapa, katoka Mpitimbi. Kompyuta inasema nimpe dawa ya presha ya mzee wa miaka sabini. Hiyo itamdhuru mtoto. Nimeizuia, lakini njoo."

Nilikimbilia dirishani. Dirisha la pili lilipofungua faili la mzee wao, la kwanza nalo likamwona mzee huyohuyo, kwa kuwa faili lilikuwa moja kwa wote. Siku ile tukarudi kwenye karatasi. Mkuu alipouliza nani alisajili, nikasema ni mimi. Hakufoka. Alivuta kiti tukarekebisha mstari kwa mstari, akakiri kwamba naye maelezo yake yalikuwa mafupi mno.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana wakija nyumbani hutaka niwasimulie mfumo, nami huwasimulia, kwa kuwa hatimaye ulikuwa mzuri. Lakini yule mjamzito wa Mpitimbi alijifungua salama mtoto wa kike, na hilo halikutoka kwenye mfumo wangu. Lilitoka kwa Mwanaidi, aliyeliamini tumbo aliloliona kuliko maandishi yangu. Nilimshukuru mara moja tu, pale dirishani, bila kuondoa macho kwenye kompyuta.