Jumuiya Inaniombea Mimba, na Mimi Nina Kijiti Mkononi

Admin, jina langu lifunike na la kigango chetu cha kanisa pia, maana huku Kwale tunajuana hadi mboga ya jirani.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mitatu, Mkatoliki tangu utotoni, na ndoa yangu ni ya kanisani. Naishi karibu na Kombani, asubuhi nauza mahamri na mbaazi. Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja huko Diani, huja nyumbani akipata ofu tu. Tuna watoto watatu walio hai na mmoja tulimzika. Mnaotaka kunikimbilia na mistari ya Biblia tulieni kwanza. Naijua, mimi ndiye niliyekuwa nikiisoma jumuiyani, tunaposali na majirani nyumba kwa nyumba.

Huyo tuliyemzika nusura aondoke nami. Kizazi kilipasuka, mtoto akafia tumboni, mimi nikaongezwa damu za watu nisiowajua. Daktari akazungumza nasi wote wawili, mimi nimelala, mume wangu amesimama. Akasema, "Mama, kizazi tumekishona, lakini ukishika mimba tena siwezi kukuahidi kwamba utapona. Bora mfunge mirija kabisa." Mume wangu akajibu kabla sijafungua mdomo: "Daktari, Kanisa letu haliruhusu hayo. Tutatumia njia ya asili." Nguvu za kubishana ningezitoa wapi?

Haya, njia ya asili. Tulifundishwa vizuri kabla ya ndoa, sisemi uongo, na kwa wanaokaa pamoja wakasikizana huenda inafaa. Lakini jamani, wangu anakuja siku anayotaka meneja wake, si siku unayotaka mwili wangu! Nikimwambia, "Baba watoto, leo ni siku ya hatari," ananuna. "Nimetoka Diani kote kuja kulala na ukuta?" Kisha anasema Mungu atalinda. Mungu atalinda! Kwani aliyekuwa akivuja damu kwenye kile kitanda ni nani? Nikaenda kliniki kimya kimya na jirani yangu, Mwislamu huyo lakini ananifaa kuliko mawifi zangu, nikawekwa kijiti cha kupanga uzazi mkononi, chini ya ngozi. Siku hiyo ndiyo nilipata usingizi.

Kitubioni nilimwambia padre. Hakunifokea. Alisema anaielewa hofu yangu, ila hawezi kuniondolea dhambi ambayo sina nia ya kuiacha. "Kitoe, mwanangu, kisha mjizuie siku zile." Nikamwuliza, "Padre, na mume asiyejizuia je?" Akasema nimlete wazungumze. Thubutu! Tangu hapo komunyo sipokei. Wenzangu wakipanga mstari, mimi nabaki kwenye benchi najifanya nambembeleza mtoto wa mtu. Na nyinyi Wakatoliki mnajua, anayebaki kwenye benchi hutazamwa kuliko padre. Inaniuma. Kanisa langu nalipenda, na hilo ndilo watu hawanielewi.

Sasa mavyaa wangu. Yule mtoto tuliyemzika alikuwa apewe jina la marehemu bamkwe. Sisi Waduruma jina la babu halitupwi, nalo likaenda kaburini na mtoto. Basi mavyaa akasimama mbele ya jumuiya akalia machozi: "Mwombeeni mke wa mwanangu, adui amemfunga kizazi. Jina la mume wangu lirudi." Jumuiya ikaanza novena, sala za siku tisa, nyumbani kwangu. Kila jioni watu wanapiga magoti kwenye mkeka wangu, wanasali rozari nishike mimba, na mimi ndiye ninayewapikia chai. Siku ya mwisho wakaniketisha katikati ili waniwekee mikono. Mama mwenyekiti wa jumuiya akanishika mkono palepale penye kijiti. Vidole vyake vikasimama. Akabonyeza tena. Akaendelea na Salamu Maria, lakini sauti ilikuwa imebadilika. Nikajiambia, huyu ni mwanamke mwenzangu, atanisitiri. Wapi! Kabla sijamaliza kuosha vikombe mavyaa alikuwa ameshajua.

Mume wangu alipopata ofu alikuja moja kwa moja. Hakunipiga. Alikaa tu, akasema, "Umenifanya mjinga. Watu wanamwomba Mungu, nawe umemfungia mlango."

Nikamwambia, "Daktari alikwambia nitakufa."

"Alisema huenda."

"Na hiyo huenda ikinipata?"

Akasema Jumatatu tutafuatana kliniki kikatolewe, kisha niende nikatubu nirudi kwenye meza ya Bwana. Nikikataa, watoto wanakwenda kukaa na mama yake, na mimi nirudi kwetu. Mavyaa naye kutoka kwenye mkeka, "Mbona sisi tulizaa na hatukufa?" Nikamjibu, "Waliokufa wangekuja lini kukwambia, mavyaa?" Akaangua kilio. Sasa naitwa mwuaji wa jina la babu na tena mkosa adabu.

Mimi wa maneno mengi, lakini jana nilikwama. Binti yetu mkubwa anajitayarisha kwa komunyo ya kwanza, na bibi yake ndiye anayemfundisha sala. Akapiga magoti kando yangu, akafumba macho, akasema, "Ee Mungu, mpe mama mtoto mwingine, na umsaidie akubali." Akafumbua macho akanitazama, anangoja niitikie. Nikaitikia. Mtoto wangu mwenyewe ananiombea mauti bila kujua, nami nimesema amina.

Jumatatu ndiyo hii inakuja. Nikikitoa, huenda wanangu wakakosa mama. Nikikataa, mama ndiye atakayewakosa wanangu. Nyinyi mnaosoma, hasa mama mliowahi kubaki kwenye benchi wengine wakipokea, semeni nami kama ndugu yenu wa tumbo moja. Nifanye nini?