Timazi na Jiko la Mama

Timazi ya bosi wangu ilikuwa kongwe kuliko mimi. Ilikuwa donge la shaba lenye umbo la karoti fupi na nene, na ncha yake ilikuwa butu kwa sababu bosi aliitumia kuchokorea udongo. Mimi nami, nikiri mapema, niliwahi kuitumia kupasulia mfupa wa mbuzi. Bosi ni mpima ardhi mwenye ofisi juu ya duka la dawa za mifugo mjini Kitengela. Mimi ni msaidizi wake: nabeba mashine, nafyeka miiba, nachimbua bikoni, yaani alama za mipaka, zilizofukiwa na udongo mweusi, na nashika timazi.

Kazi ya timazi ni rahisi kueleza. Mashine ya kupimia husimama juu ya miguu mitatu, na lazima isimame sawasawa juu ya chuma kilichochomekwa katikati ya bikoni. Unaning'iniza timazi kwa kamba kutoka tumboni mwa mashine, na ncha yake ikitulia juu ya kile chuma, basi mko sawa. Mashine nyingi siku hizi zina kijidirisha cha kuchungulia chini. Cha kwetu kiligongwa na ng'ombe aliyekuja kujikuna kwenye miguu ya mashine, na tangu siku hiyo bosi hakukiamini tena.

Shida ni upepo. Nyika yetu, kuanzia Kitengela hadi karibu na Kajiado, haina mlima wa kuukinga. Ikifika saa nne asubuhi unaanza, na timazi inacheza kama mtu aliyelewa. Hapo bosi huuliza kutoka juu ya mashine, "Imetulia?" Nami hujibu. Neno langu ndilo linaloanzisha kipimo.

Miaka minne iliyopita nilijibu vibaya. Tulikuwa nyumbani kwetu, tunagawa shamba baada ya mama kumuuzia kipande mwalimu mmoja mstaafu kutoka Murang'a. Miti ya miiba ilitufungia njia, ikabidi tulenge bikoni ya karibu, hatua ishirini na kitu, kisha tugeuze mashine na kuweka kigingi mbali, mwisho wa ploti. Katika kazi yetu hiyo ni hatari. Ukikosea upana wa kidole unapolenga karibu, kule mbali kosa linazaa watoto. Nilikuwa na njaa, na chai ya mama ilikuwa inanukia. Timazi ilikuwa inayumba, inatulia kidogo, inayumba tena. Bosi akauliza, "Imetulia?" Nikasema imetulia, nikaenda kunywa chai.

Kando ya mstari ule mama akajenga chumba cha kupikia. Alikuwa amepika maisha yake yote ndani ya moshi, katika kijumba cha chini ambacho ulilazimika kuinama kuingia. Safari hii alitaka mawe na dirisha la kioo, na mlango ambao mtu anapita akiwa amenyooka. Alileta mawe kidogo kidogo, akamsimamia fundi kila siku, akahakikisha ukuta unakaa sawasawa kwenye mstari, hata inchi isipotee. Watu wakimwuliza kwa nini asiache nafasi, alisema, "Hiyo mstari iliwekwa na msichana wangu." Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu mwingine yeyote.

Basi mwaka huu mwalimu akataka kujenga ukuta wa kuzunguka ploti yake. Alipima kwa utepe, akapata kwamba upande wake wa nyuma ni mwembamba kuliko ulivyo kwenye ramani. Akaenda Kajiado kwenye ofisi ya ardhi, akatoa nakala ya ramani, akapima tena. Kisha akaja kwa mama bila makelele, kofia mkononi.

"Takwenya, mama," alisema. Salamu hiyo ya Kimaasai alijifunza wiki ya kwanza alipohamia.

"Iko," mama akaitikia.

"Mama, mimi sina ugomvi. Lakini tuite mpima aangalie tena. Kama ni utepe yangu ndio mbaya, nitanyamaza."

Mama alinipigia simu, nami nikawaka. Nilisema utepe wake umevutika kwa jua. Nilisema mengine ambayo hayafai kuandikwa kuhusu mzee aliyestaafu. Lakini chini ya hasira kulikuwa na ile siku ya chai, imekaa tu pale, na mimi najitia hamnazo. Nilijua kipimo kipya kikiangukia ndani ya jiko, ukuta utabomolewa. Nikaamua kwamba hakitaangukia humo, na kwamba nitathibitisha hivyo kwa timazi ambayo hakuna mtu angeweza kuitilia shaka.

Bosi alicheka nilipomwambia. "Tutaenda baada ya wiki tatu. Lakini timazi ni ile ile na upepo ni ule ule, sasa wewe utabadilisha nini?"

"Timazi," nikasema.

Nilianzia kwa fundi wa kukereza vyuma, nyuma ya kituo cha mafuta pale Kitengela. Ni kijana mwenye madharau kiasi, lakini mikono yake inajua chuma. Aliining'iniza timazi yetu, akaizungusha kwa vidole, akaniita niinamie ncha. Badala ya kuzunguka mahali pamoja, ncha ilikuwa inachora duara dogo.

"Unaona, madam? Shimo ya kamba haiko senta. Hii kitu imekuwa ikiwadanganya hata kama hakuna upepo."

Nikamwambia atengeneze nyingine. Akachukua kipande cha shaba kutoka kwenye vali kuukuu ya bomba la maji, akakikereza kiwe kirefu na chembamba, unene wa kidole gumba, ili upepo usipate pa kukishika. Ncha nikataka iwe ya chuma kigumu, ya kufungua na kufunga, ili ikiisha tubadilishe ncha peke yake. Alisema wazo hilo ni zuri. Baadaye nilimsikia akimwambia mteja mwingine kwamba lilikuwa lake.

Niliijaribu kwenye kiwanja kitupu karibu na ofisi. Nilipoizungusha, ncha haikuchora duara. Nilifurahi mpaka saa nne, upepo ulipokuja, na ile timazi mpya nzuri ikaanza kucheza karibu sawa na mzee wake. Nikarudi kwa fundi nikataka nzito zaidi. Akaongeza shaba. Bado. Nikamwambia aongeze tena, akanitazama, akasema nikitaka kubeba nanga niende baharini.

Jumapili nikaenda nayo nyumbani. Niliifunga kwenye boriti ya kibaraza cha jiko, nikaketi kuitazama kwa chuki. Mama alikuwa ameketi mlangoni anatunga shanga, kola pana ya kuvaliwa na bibi harusi, ya kupelekwa soko la Kajiado. Alitazama timazi. Akatunga safu moja nzima. Akatazama tena.

"Entito ai," alisema, maana yake msichana wangu, "upepo haishiki hiyo chuma. Inashika kamba."

Nikatazama. Kamba yetu ni ile ya nailoni ya waashi, nene na ngumu, na kweli, ilikuwa imepinda katikati, imejaa upepo, inaivuta timazi nyuma yake. Wiki mbili nilikuwa nimepigana na chuma, na muda wote adui alikuwa kamba. Nilicheka kwa aibu.

Mama akakata uzi wake wa shanga, ule mwembamba ambao huuoni usipoukaribia, akaupaka mafuta ya kondoo kidogo usikwaruzike, akanipa. Nikafunga. Timazi iliyumba mara mbili tatu, ikatulia. Upepo ulikuwa unapeperusha leso kwenye kamba ya nguo, na timazi imesimama.

Lakini nilipoizungusha, duara likarudi. Tundu lilitobolewa kwa ajili ya kamba nene, na uzi mwembamba ulikuwa unaegemea upande mmoja. Nilitaka kuitupa kwa ng'ombe. Mama alinyoosha mkono, akaichukua, akapekua kopo lake la shanga. Alijaribu ya bluu, ikawa kubwa. Alijaribu nyekundu, ikatumbukia ndani. Nyeupe ikakaa mdomoni mwa tundu kana kwamba ilizaliwa hapo, na uzi ukapita katikati ya shanga, sawasawa. Akaizungusha mwenyewe. Ncha ilisimama.

"Sasa iko sawa," akasema, akarudi kwenye kola yake.

Ni lazima nieleze jambo kuhusu mama na shanga. Nilipokuwa mdogo alinifundisha kutunga, na siku moja nilimaliza kola yangu ya kwanza, nikamletea nikiwa nimejaa maringo. Alikuta shanga moja ya kijani mahali pa bluu, upande wa nyuma, chini ya nywele, mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Akaniambia nifumue. Si ile shanga tu, safu zote hadi pale. Nililia, nikasema atakayeivaa hataona. Mama akasema, "Wewe umeona." Hakunisaidia hata safu moja. Nilimchukia siku tatu, na nadhani hapo ndipo nilipopata huu ukaidi wangu.

Kesho yake fundi alichonga kikalio kidogo mdomoni mwa tundu ili shanga isitoke. Aliuliza ni nani alifikiria hivyo, nikamwambia ni injinia fulani wa huko nyumbani.

Siku ya kupima, mama aliamka mapema akafagia jiko, akapanga sufuria kwenye rafu na kufuta kioo cha dirisha. Alivaa shuka yake mpya. Mwalimu alifika na kofia yake. Tulichelewa kwa sababu ya ng'ombe barabarani, hivyo tulipoweka mashine upepo ulikuwa umeshaanza, na nilifurahi. Nilitaka kila mtu aone timazi yangu ikisimama ndani ya upepo.

"Imetulia?" bosi akauliza.

Safari hii sikujibu haraka. Nilipiga magoti, nikaweka shavu karibu na udongo. Ncha ilikuwa juu ya chuma, haiendi mbele wala nyuma. Shanga nyeupe ilikuwa imekaa mdomoni mwake.

"Imetulia."

Tukalenga ile bikoni ya karibu, tukageuza, bosi akaniongoza kwa mkono: kushoto, kushoto tena, kidogo. Nilikuwa natembea na fimbo ya kupimia kuelekea jiko la mama, na kila alipoonyesha kushoto nilitamani aonyeshe kulia. Akainua mkono juu. Hapo. Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha. Mstari ulipita ndani ya ukuta, shubiri moja na vidole viwili kutoka kwenye kigingi cha zamani.

Niliomba turudie. Bosi hakubisha. Tulibeba mashine hadi bikoni ya upande wa pili, tukaning'iniza timazi, nikapiga magoti tena, tukaja kutoka huko. Jibu likawa lile lile. Mficha uchi hazai, wanasema, nami nilikuwa nimeficha miaka minne.

"Ile siku ya kwanza," nikasema, "nilisema timazi imetulia. Haikuwa imetulia. Nilitaka kwenda kunywa chai."

Bosi alitazama daftari lake. Kisha mwalimu akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Mama, shubiri ni nini kati ya majirani? Wacha jikoni ikae. Nitapindisha ukuta yangu kidogo hapo, ipite."

Nilimpenda mzee huyo wakati ule, nikasahau yote niliyosema juu ya utepe wake. Nilimtazama mama nikimwomba kwa macho akubali. Jiko lile ndilo kitu pekee alichowahi kujijengea.

Mama alikuwa hatutazami. Alikuwa anatazama timazi, ambayo bado ilikuwa inaning'inia chini ya mashine.

"Hiyo imekosea?" akaniuliza.

"Hapana, Yeyo," nikajibu, kama tunavyomwita mama kwetu.

"Na uzi ni yangu?"

"Ni wako. Na shanga ni yako."

"Ashe, mwalimu," akamshukuru jirani. "Mungu akubariki. Lakini usipindishe ukuta."

Akaingia jikoni. Tulimsikia akishusha sufuria. Akazitoa moja moja, akazipanga kwenye majani, kisha kibuyu cha maziwa, kisha kopo la shanga, kisha kigoda chake. Mwalimu alimsaidia kutoa meza. Bosi alianza kukunja miguu ya mashine, lakini aliacha katikati, akasimama tu.

Mwisho mama akatoka na nyundo ya fundi, ile iliyobaki tangu siku za kujenga. Nilikwenda mbio kumpokea, nikidhani anataka nimpelekee fundi habari. Nilimwambia nitaita watu kesho, watabomoa vizuri, mawe hayatavunjika, na yeye apumzike tu.

Akaweka nyundo mkononi mwangu, akafunga vidole vyangu juu ya mpini.

"Wewe ndio ulitunga," akasema. "Wewe ndio utafumua."

Kisha akavuta kigoda, akaketi kwenye upepo akatazama. Nikaanzia kwenye kona.