Mmea Ulioligeuzia Dirisha Mgongo

Sikuota, wala sikuwa na homa. Ilikuwa saa nane mchana, hapa hapa Shanwe, sebuleni kwangu. Anayetaka kucheka acheke kwanza amalize, ndipo asome.

Sebule yenyewe ni giza. Jirani alipandisha ukuta karibu na dirisha, tangu hapo hata mchana tunatafutana kwa sauti. Mkwe wangu Zawadi akataka ua refu la kona, kama anayoyaona kwenye simu. La kwanza likapukutika. La pili likaoza, maana alilimwagilia kila asubuhi kama mchicha.

"Mama, labda nyumba yako haipendi maua," akanitania.

"Haipendi watu wasiofikiri. Tafuta mmea uliozoea kivuli."

Nikakumbuka mahame ya kule Kabungu, kijiji kilichoachwa zamani, jirani na shamba letu. Chini ya miti mikubwa upo ule mmea mrefu wenye majani kama mapanga, ambao wazee waliupanda makaburini ili mtu asilime juu yake. Nilijua ni kaburi. Tena fupi, la mtoto. Kwetu hukati pale bila kuomba ruhusa: unapiga magoti, unataja jina lako na shida yako, unamwaga unga kidogo. Mimi nilikuwa na haraka. Nikakata shina kwa panga, nikalichomeka kwenye ndoo ya rangi, nikaliweka sebuleni. Na Zawadi alikuwa na mimba ya miezi sita, baada ya kupoteza mbili. Niambie, huo ni uzee au upumbavu?

Siku ya tisa mvua ilinyesha kubwa. Zawadi amelala chumbani. Nikasikia hodi. Akaingia mwanamke mrefu, ameinama kupita mlango. Mvua yote ile, nguo zake kavu! Nikampa maji. Hakunywa. Akagusa udongo wa ndoo, akamimina kidogo tu.

"Usiuzamishe, mama. Ngoja udongo ukauke kina cha kidole. Na majani uyafute vumbi, mwanga wenyewe hapa ni haba."

Kisha akatoa mkono wa pili ndani ya kitenge. Niamini: uliishia kwenye kiwiko, umekatwa mshazari, vile vile nilivyokata mimi. Damu hakuna. Maji tu yanachuruzika, yananukia majani mabichi.

"Kule nilikuwa namlinda mwanangu," akasema, bila hasira. "Hapa umenileta nimlinde nani?"

Mimi nisiyempigia mtu magoti tangu nimzike mume wangu, nilipiga. Nikataja jina langu. Nikaomba msamaha. Nikanyoosha kidole kwenye mlango wa Zawadi.

"Yule. Na aliye tumboni."

Akautazama mlango ule, nami nikainamisha kichwa. Nilipoinua kichwa, hayupo. Sakafu kavu. Kwenye shina kuna chipukizi refu kama kidole, ambalo asubuhi halikuwepo.

Kesho yake nilikwenda Kabungu na unga. Nikapalilia kaburi lile, na hadi leo napalilia. Kisiki nacho kimechipua.

Mtoto sasa anatembea. Mmea umegusa dari. Mimea yote huinamia mwanga, nani asiyejua? Huu umeligeuzia dirisha mgongo, umeinamia mlango wa chumba cha mtoto. Nimezungusha ndoo mara ngapi! Wiki haiishi, umerudi ulikokuwa.

Nawe unayetaka ua refu la kona yenye giza, chagua lililozoea kivuli, na maji lipe kidogo. Lakini kabla hujainua panga, uliza limesimama juu ya nani. Mimi nilisamehewa. Wewe sijui.