Chakula Chenye Maganda

Siku ya semina naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ndiyo siku niliyopigiwa makofi, kisha nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Usinione nacheka na kila mgonjwa ukadhani nilizaliwa nayajua haya. Nilianza uhudumu wa wodi nikiwa binti, elimu yangu darasa la saba, ndoto zangu za udaktari mzima. Nilipiga deki huku najiona nimevaa koti jeupe. Basi tukaitwa Misungwi siku mbili, tufundishwe mambo mapya ya kuwahudumia wagonjwa wa akili: sindano ya mara moja kwa mwezi badala ya vidonge vya kila siku, na haki za mgonjwa. Mimi, nisikudanganye, nilifuata chai na chapati.

Wakati wa chai nilimwona mwanamke mmoja, nikadhani ni mhudumu wa kituo kingine. Hakugusa chapati. Alitoa kwenye mkoba yai la kuchemsha na kiazi kitamu, akavimenya mwenyewe, taratibu.

Nikamtania, "Dada, kwani chapati zetu zina sumu?"

Aliniangalia, akaendelea kumenya.

Tuliporudi ukumbini daktari aliyekuwa akitufundisha akauliza, "Mgonjwa akikataa vidonge, ninyi mnafanyaje?"

Nikasimama mbio. "Mimi navisaga, dokta! Natia kwenye uji, naongeza sukari. Anakunywa mpaka analamba kikombe!"

Ukumbi ukacheka. Mzee Masanja, mhudumu mwenzangu, akaanza makofi: "Huyo ndiye Milembe wetu! Mganga wa uji!" Nikainama kidogo kama mbunge. Sikuona kosa, mwanangu. Niliwapenda wale watu, nilitaka wapone.

Daktari hakupiga makofi. Alimgeukia yule mwanamke. "Kabula, utasema?" Kumbe alialikwa atufundishe.

Akasimama. "Shikamooni, wakubwa. Uji huo niliunywa mimi. Hunikumbuki, dada Milembe, nilikuwa nimenyolewa. Ugonjwa wangu ulikuwa unaniambia kuna watu wananitilia kitu kwenye chakula. Wewe peke yako nilikuamini. Siku moja nikakuta chenga nyeupe chini ya kikombe." Akanitazama. "Nikajua ugonjwa wangu unasema kweli."

Mikono ya Mzee Masanja ilishuka chini ya meza.

"Tangu hapo nakula vyenye maganda tu. Nilirudi nyumbani Buhongwa, mama akawa anasonga ugali kila siku ananiwekea. Sikuugusa. Amekufa hajaniona nikila cha mkono wake."

Niliganda. Hata machozi hayakuja, yalisahau njia.

"Sasa nachomwa ile sindano ya mwezi," akaendelea. "Waliniambia faida yake, wakaniambia na ubaya wake, kwamba huenda nikanenepa. Halafu wakaniuliza kama nataka. Kuulizwa tu, wakubwa."

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Na yule asiyejielewa kabisa, dokta?"

"Huyo daktari ataamua pamoja na ndugu zake, na itaandikwa. Si wewe peke yako na mwiko wako."

Jioni nilimfuata Kabula nje. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilijua huna roho mbaya," alisema. "Ndiyo maana iliniuma."

Kesho yake, wakati wa chai, alikuja akakaa karibu yangu. Akatoa yai, akaliweka mkononi mwangu. "Menya."

Nililimenya vibaya, ganda likatoka na nyama yake. Nikampa. Aliligeuza, akalitazama pande zote. Akauma kipande kimoja. Lililobaki akalifunga kwenye leso, akalirudisha mkobani. Kipande kimoja tu, mwanangu, na mimi sijawahi kushiba vile.

Kwa hiyo kesho ukianza zamu, kidonge kiweke kwenye kiganja kilicho wazi. Kitaje jina. Sema kinasaidia nini na kinasumbua wapi. Akikataa, mwambie nesi, kaa na mgonjwa wako, umsikilize anaogopa nini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nami naongeza, hata ya mwongo mwenye huruma. Na wakikuita semina, nenda, hata ukiwa na mvi, maana wema usiofundishwa unaweza kumuumiza mtu huku unatabasamu.

Mungu akupe kiganja kilicho wazi, mwanangu. Na kila utakayemhudumia arudi kwao, akute mama yake yu hai, akae jamvini, ale ugali bila kuutazama mara mbili.