Kibodi ya Mansuri

Mjini Kasulu hakuna wa kumuuzia Kuruthumu kitenge kibovu. Anakifikicha kwa vidole huku kafumba macho, halafu anakwambia kama kitachuja. Wachuuzi wa Manyovu wanaomletea mzigo wamemchoka, lakini wanamheshimu. Kwa vidole hivyo ameendesha nyumba tangu lori la mumewe lilipopinduka njiani kutoka Kibondo likiwa na shehena ya mahindi.

Mansuri alitoka hospitali na uhai wake na shingo iliyoumia. Miguu ilikufa, mikono ilibaki, kwa namna yake. Kilichomtisha Kuruthumu zaidi ya miguu ni kwamba mwanamume yule, aliyekuwa haishi kutaka vitu, leo supu, kesho redio mpya, aliacha kutaka chochote. Ukimuuliza atakula nini, anasema chochote. Ukimuuliza afunguliwe dirisha, anasema vyovyote. Kuishi na mtu wa hivyo kunachosha kuliko kumbeba.

Ndiyo maana siku aliposema, "Mama Asma, ningepata kibodi ningecheza na Nurudini," Kuruthumu alitoka akaenda kulia nyuma ya jiko. Nurudini ni mdogo wake Mansuri, anaishi Kibondo, na zamani walikuwa wakipambana gemu ya mpira kwenye kompyuta, kila mmoja akiwa kwake. Kompyuta bado ilikuwapo, ila Mansuri hawezi tena kuinamia meza.

"Iwe ndogo, ikae juu ya mto mapajani," alisema. "Isiwe na waya, utaninasa nikigeuzwa. Na iwe ile ya mekanika, ya gemu."

Khatibu, muuza vifaa vya kompyuta karibu na stendi, alimwekea mbili mezani. Zote ndogo, hazina waya, na bei yake duka lake la vitenge lingeibeba bila kuyumba.

"Tofauti ni vitufe, shemeji. Kila kimoja kina springi yake. Hii inalia, ta, ta, ta. Hii nyingine imetulizwa, haisumbui mtu."

Kuruthumu alifumba macho akapapasa. Ile tulivu ilikuwa laini mno, kidole kinazama chenyewe. Tena alikumbuka nyumbani. Tangu ajali, mama mkwe wake, Bi Swaumu, hataki sauti. Wanaokuja kumjulia hali mgonjwa wananong'ona, kuku wanafukuzwa uani, redio ilishahamishiwa kwa jirani. Angeingizaje mle kitu cha kulialia? Akachukua ile laini, akarudi nyumbani anajipongeza.

Mansuri alicheza mechi moja. Wachezaji wake walisimama ovyo, wakapiga hewa, na Nurudini akamfunga mpaka akaona haya kuendelea. Mansuri akaisukuma kibodi pembeni.

"Nzuri," alisema. "Irudishe."

"Kama ni nzuri, mbona irudi?"

Mansuri akasema bila kumtazama, "Sijui kama nimebonyeza. Vidole vinakwenda, lakini havinirudishii habari. Inayolia ningeisikia, ningejua."

"Tangu lini, Baba Asma?"

"Tangu hospitali."

Roho ilimchoma Kuruthumu. Miezi yote hiyo, kila jioni, alikuwa akikaa kitandani na kuvikanda vidole vya mumewe, akiamini kwamba hapo ndipo wanapozungumza bila maneno. Kumbe alikuwa ameshika vidole visivyo na habari naye, na Mansuri alimwacha ashike, kwa kumwonea huruma. Alimkasirikia, haki ya Mungu. Kisha hasira ikakosa pa kukaa.

Kesho yake Khatibu alikubali kubadilisha, ila kwa kunung'unika. "Hii ina kelele, shemeji. Mgonjwa atapumzika vipi?"

"Amepumzika vya kutosha," alisema Kuruthumu.

Alasiri hiyo wageni wawili walikuwa sebuleni wakinong'ona na Bi Swaumu, kibodi ilipoanza kulia chumbani. Ililia nyumba nzima. Bi Swaumu akainuka.

"Mwambie aache. Hii ni nyumba ya mgonjwa."

Kuruthumu hakuwahi kumpinga mama mkwe wake mbele za watu. Siku hiyo alipiga moyo konde. "Mama, ni mwanao huyo. Akinyamaza ndipo uniite."

Bi Swaumu alibaki amesimama, anasikiliza. Halafu akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Wageni hawakujua kama waendelee kunong'ona au waseme.

Chumbani, Mansuri alikuwa nyuma kwa magoli mawili, huku akimtolea mdogo wake maneno makali kwenye simu. Kuruthumu alikaa kando yake, akamgusa kiganja.

"Hapa?"

Mansuri aliacha kucheza. Akatikisa kichwa.

Akapanda kwenye kifundo cha mkono. "Hapa?"

"Hapana."

Kwenye kiwiko pia hapana. Kuruthumu aliendelea kupanda, polepole, mpaka begani karibu kabisa na shingo, akautuliza pale.

"Hapo nipo," alisema Mansuri.