Kogo Alipovaa Kogo

Vijana wa chuo walioleta vile vitu shuleni kwetu walivitaja kwa Kiingereza, "goggles". Sisi Wakipsigis g na k tunazichanganya kama chai na maziwa, kwa hivyo kufika saa nne darasa zima lilikuwa linasema "kogo". Na kogo kwetu ni nyanya, yaani bibi. Mimi ndiye niliyepanda juu ya dawati nikatangaza, "Pangeni laini, kila mtu atabebwa na kogo wake!" Mwalimu wa Jiografia alinifukuza nje, ila naye alikuwa anacheka.

Kitu chenyewe ni kama sanduku dogo jeusi. Unafungwa usoni, macho yanazibwa kabisa, kisha unajikuta chini ya bahari. Ukigeuza kichwa, bahari nayo inageuka. Ukiangalia juu, papa anapita. Sisi ambao maji mengi tuliyowahi kuona ni ya bwawa la kiwanda cha chai, tulipiga kelele kama mbuzi walionyeshewa.

Shida ilianzia kanisani. Jumapili mwalimu mkuu alitangaza kwamba shule imepata miwani ya kisasa, na Ijumaa wazazi waje wajionee. Hakudanganya. Kwa Kiswahili angekiitaje? Lakini benchi ya mbele alikuwa ameketi nyanya yangu, aliyenilea tangu mama afariki. Presha ya macho ilimpofusha akiwa bado anachuma chai, na hospitalini waliambia familia nuru hairudi. Mara ya mwisho kuniona uso nilikuwa darasa la nne. Siku hizi anatofautisha mchana na usiku tu, na hata hapo tunabishana.

"Weri," aliniita tukitoka, yaani kijana, "hiyo miwani inaonyesha mpaka chini ya bahari?"

"Ee, Kogo. Lakini si miwani ya macho."

"Miwani si ya macho ni ya nini, ya magoti?"

Nilimweleza wiki nzima, kwa mdomo huu wangu unaojua kuongea. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini. Kama inaonyesha kitu ambacho hakiko, akasema, itashindwaje na kilichoko?

Ijumaa akavaa kitambaa chake cha Krismasi, nikamshika mkono tukaenda. Tulipofika mlangoni, jamaa wa nyuma akapaza sauti: "Kogo amekuja kuvaa kogo!" Darasa likapasuka. Nyanya akacheka pia. Alidhani wanamkaribisha.

Kijana mmoja wa chuo alimfunga kile kitu taratibu. Nyanya akaketi wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Unaona samaki, Kogo?"

"Nasikia maji." Akageuza kichwa huku, akakigeuza kule. "Bahari wachana nayo, mtoto wangu. Niwekee huyu mjukuu. Nataka uso tu, hata kidogo."

Yule kijana alinitazama, nikatikisa kichwa, lakini akatoa simu akanipiga picha, akahangaika na kompyuta yake mpaka akaiingiza mle ndani. Uso wangu ukatokea pia ukutani kwa projekta yao, mkubwa kama mlango wa kanisa, na chunusi zote. Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza maishani niliomba mtu anicheke.

"Yuko hapo sasa, Kogo. Mbele yako kabisa."

Akanyoosha shingo. Akangoja. Na sisi tukangoja.

"Ongeza mwangaza," akasema.

"Nimeongeza wote, Kogo. Ndio mwisho."

Akabaki nacho usoni kidogo tena, nadhani ili asimvunje moyo yule kijana. Kisha akakivua mwenyewe, akakirudisha kwa mikono miwili. "Asante. Kumbe ni ya wale wanaoona."

Mwenzangu aliyefuata alikataa kuvaa. Nilimtoa nyanya nje nikiangalia chini.

Njia yetu inapita katikati ya chai. Alitembea akipapasa vichwa vya michai kwa kiganja, mkono ukikwanyua jani hapa na pale kwa mazoea. Halafu akauliza, "Kwani siku hizi unafanana na nani?"

Utani ninao mwingi sana kuhusu sura yangu. Haukuja hata mmoja.

"Na wewe, Kogo."

"Basi pole," akasema, akacheka peke yake.